Askari Jela Aliyedai Madarasa ya Zombe

Wapendwa wote mliofika, mimi ni Kavindu, kitinda mimba wa Gedion Nzioka Musyimi, na familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, aliyezaliwa tarehe 9 Aprili 1959 hapa Zombe, mtoto wa tatu wa wakulima.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1967 hadi 1973, akapita vizuri, lakini karo ya sekondari ikakosekana, akafanya vibarua mjini Sultan Hamud hadi tarehe 4 Mei 1980, alipoajiriwa kuwa askari jela.

Tarehe 18 Desemba 1984 alifunga ndoa na mama yetu, Muthoki, wakajaliwa watoto wanne, nasi tulijua amekuja likizo kwa kicheko chake tu, maana kilifika nyumbani kabla yake.

Mwaka wa 1996 mfungwa aliyeitwa Kisilu, kijana wa wizi wa mbuzi, alimwomba amsomee barua ya mamake, na baba akaona afadhali amfundishe kusoma, wafungwa wengine nao wakaomba, mpaka stoo ya magunia ikawa darasa la kila alasiri.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2014. Maafisa wa bajeti walipokuja sokoni kusikiliza wananchi, tarehe 12 Machi 2019, baba, ambaye hata kuombea chakula mbele ya wageni kulimtoa jasho, alisimama akasema, "Ukuta wa jela ukipasuka, fundi anakuja wiki hiyo hiyo. Watoto wetu wananyeshewa darasani, tunaambiwa tungoje. Tungoje wakue, wafungwe?"

Afisa mmoja akamjibu, "Mzee, hayo mafungu ya fedha ni tofauti."

"Mafungu ni tofauti," baba akasema, "lakini mtoto ni yule yule."

Aliifuata ofisi ya bajeti mara kumi na moja, barua mkononi, na mnamo Januari 2022 watoto waliingia madarasa mawili ya mawe, fundi akiwa Kisilu, yule mfungwa wa zamani, na baba akakaa kwenye dawati la nyuma, akakataa kutoka mpaka chai ya wageni ikapoa.

Aliugua figo kuanzia Agosti 2024, akatuacha tarehe 3 Februari 2025, hospitalini mjini Kitui, Mama akimshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuchotea maji wiki nzima, na askari wenzake mliosafiri kutoka mbali. Ofisi ya bajeti nayo tunaiarifu kwamba barua za kuomba darasa la tatu la mawe sasa zitaandikwa na Mama.

Baba, umesimama vya kutosha, sasa pumzika kwa amani.