Daktari Ferista na Farasi Jike wa Itaka

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Daktari Ferista Nzunda, daktari wa mifugo, mzaliwa wa Itaka. Tulimzika Jumamosi. Moyo ulimsumbua kwa muda mrefu, na moyo ndio uliomchukua. Niseme mapema: kipindi hiki kina aibu ndani yake. Wenye aibu wenyewe wamekubali niiseme mbele yenu.

Mmezoea daktari wa mifugo anayechanja ng'ombe. Ferista aliyafanya hayo, mpaka Msangano kwa wafugaji, buti zimejaa tope. Lakini alisomea na jambo jingine. Alijua kumtoa farasi jike ovari, yaani kifuko cha mayai ya uzazi, kwa kupitia matundu madogo ubavuni. Matundu madogo tu, wasikilizaji. Tumbo halipasuliwi, na farasi mwenyewe amesimama.

Kulikuwa na farasi jike kwenye shamba moja la kahawa pale Itaka. Alikuwa mpole. Ghafla akageuka. Akawa anauma, anapiga mateke, anawapanda majike wenzake utadhani dume. Mwenye shamba akasema apigwe risasi yaishe. Ferista akampima. Akasema, "Huyu hana wazimu. Ovari yake moja ina uvimbe. Nipeni nafasi."

Mzee Yesaya, mtunza farasi, ndiye aliyeshika kamba siku ile. Anasimulia hivi: "Tulimnyima majani tangu jana yake. Tukamweka katikati ya magogo ya kumbana asiyumbe, daktari akamchoma sindano, farasi akainamisha kichwa kama mtu aliyelewa. Ubavu ukanyolewa, ukatiwa ganzi. Akapitisha bomba lenye kamera. Basi mimi naangalia kwenye kioo, naona tumbo la farasi kwa ndani, na farasi huyohuyo ananipumulia shingoni."

Uvimbe ulikuwa mkubwa kuliko tundu. Ferista akauingiza kwenye mfuko, hukohuko tumboni. Akaukatakata ndani ya mfuko, akautoa vipande vipande. Akashona. Jioni farasi alikuwa anatafuta majani.

Sasa hapo ndipo tulipoharibu. Angepasua tumbo lote, damu ikamwagika, kila mtu angeelewa. Lile tundu dogo ndilo lililomponza. Mzee Yesaya, kwa furaha yake, alifika kilabuni akasimulia kwamba dude kubwa limetoka kwenye tundu la kupitisha kidole. Hakuutaja mfuko. Nilipomuuliza kwa nini, aliangalia chini. "Mfuko ulikuwa unapunguza utamu wa hadithi," akasema. "Nisamehewe."

Maneno yakapanda gari. Sokoni Vwawa yakatiwa chumvi. Yalipofika Tunduma yalikuwa mengine kabisa: Ferista anatoa vizazi bila kuacha jeraha. Ameanza na farasi, atahamia kwa wanawake. Na mwenyewe hana mtoto, si mnaona? Tuliyasema hayo na Jumapili tukaenda kanisani tumevaa vizuri.

Huko Tunduma anaishi mdogo wake, Sekela, anauza vitenge karibu na mpaka. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka. Siku hizo alikuwa amejifungua salama mtoto wa kike, Imelda. Kwenye ukoo wao, mtoto akizaliwa, dada wa mama ndiye humpokea mikononi na kumtoa nje mara ya kwanza. Ferista alifunga safari, amebeba shali aliyoifuma mwenyewe. Sekela akamzuia mlangoni.

"Nilimwambia mtoto amelala," Sekela ameniambia. "Na mtoto analia, wote tunamsikia. Dada akasema, sawa mdogo wangu, apumzike. Akaniachia shali, akaondoka. Hakunigombeza. Bora angenitukana."

Sikilizeni sasa. Farasi yule alizaa. Ndiyo, alizaa, kwa sababu ilitolewa ovari moja tu, ile yenye uvimbe, na nyingine ilibaki nzima. Watu wakafurika Itaka kumwangalia mtoto wa farasi, wakapiga picha na simu zao. Yale maneno yakafa kimyakimya. Lakini aliyekwenda kumwomba Ferista radhi hakuwepo. Jamani, hata mmoja? Inauma kuyasema haya na mhusika hayupo tena wa kutusikia.

Sekela naye aliiona picha. "Hapo nikajua nimemkosea dada yangu. Na hapo ndipo nikashindwa kabisa kwenda. Mwanzo nilikuwa namwogopa. Baadaye nikawa naona aibu, na aibu ilikuwa mbaya zaidi. Krismasi ikifika nasema nitakwenda Pasaka. Pasaka ikifika nasema Krismasi." Ferista alikuwa anatuma salamu. Sekela alikuwa anazipokea, basi. Imelda akakua, sasa ameanza shule.

Jumamosi, wakati wa kutoa heshima za mwisho, Sekela alimbeba Imelda mpaka kwenye jeneza. Mtoto akaangalia, akauliza, "Mama, huyu ni nani?"

Alisikika na kila mtu. Mtoto akateremshwa, foleni ikaendelea.

Kwa familia ya Nzunda, kwa Mzee Yesaya, kwa wafugaji wote aliowahudumia, tunawapa pole. Mungu awatie nguvu. Na sisi tuliobaki, tujiulize: ni mlango wa nani tunaupita mbali, si kwa chuki, bali kwa sababu tunajua tulimkosea na tunaona haya?

Sekela ameniomba jambo moja. Amesema kila akijaribu kumjibu mwanawe, machozi yanamzuia, kwa hiyo nimsaidie mimi. Redio yao iko wazi saa hizi.

Imelda, mwanangu. Yule alikuwa mama yako mkubwa. Alikuja kukubeba ulipozaliwa, na sisi ndio tuliomzuia.