Mafungo ya Mwisho ya Mwalimu Deodatus

Baba Paroko, wafiwa wenzangu, majirani wa Ihanda na ninyi mliotoka Kyerwa, poleni kwa jua, familia imenituma mimi Nestory, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha yake, na imeniomba nisiyapambe.

Deodatus Byarugaba alizaliwa hapa Ihanda tarehe 14 Agosti 1968, akasoma shule ya msingi kuanzia 1977 hadi 1983, kisha akaingia seminari ndogo, ambako alirudishwa nyumbani mwaka 1986 kwa kosa la kutotii wakubwa, jambo ambalo hakuligusia hata siku moja mbele ya wale aliowafundisha utii. Mwaka 1990 alianza ukatekista kule Kimuli, akaifanya kazi hiyo miaka ishirini na mitatu, na kwa kutaja watakatifu na sikukuu zao hakuwa na mpinzani.

Tarehe 7 Juni 1997 alifunga ndoa na Felicitas, wakajaliwa Clavery mwaka 1999, Benadeta mwaka 2006 na Vero mwaka 2013, naye shemeji yangu alifariki wiki mbili baada ya kumzaa huyo wa mwisho. Januari 2014 marehemu alihamia hapa, akawatoa wakubwa wawili shuleni akisema huko wanajazwa hesabu bila fadhila, akageuza stoo ya kahawa kuwa darasa. Somo lilikuwa moja kwa wote, kila mmoja kwa umri wake, hata Vero aliingizwa alipoweza kushika kalamu; wakisoma Mashahidi wa Uganda yeye alipaka rangi picha, Benadeta alikariri majina yote ishirini na mawili, Clavery aliandika insha, na aliyekosea alipiga magoti juu ya maganda makavu ya kahawa. Clavery alitoroka mwaka 2018 bila cheti chochote, leo anaendesha bodaboda Murongo.

Kila Kwaresima marehemu alishika mafungo ya kimya siku sita, akikaa kwenye kiti cha darasani mbele ya picha ya Mtakatifu Bruno, yule mwanzilishi wa watawa wa kimya, chakula kikiwekwa mlangoni, na ilikuwa marufuku kumsemesha wala kumgusa. Mwaka 2021 Benadeta alivunja marufuku hiyo kumwambia kwamba Vero anaungua homa na analia kichwa, baba yake bila kufungua mdomo akamwonyesha sakafu kwa kidole, binti akapiga magoti mpaka alasiri, na Vero alipona, ila sikio lake la kushoto halisikii hadi leo.

Mwaka huu mafungo yalianza Jumatatu, tarehe 10 Machi. Jumanne mchana Benadeta alipeleka ndizi na maharage, akakuta mdomo wa baba yake umepinda, ute unamtoka, mkono wa kulia umelegea, macho yanamfuata kila aendako. Aliweka sahani mlangoni, akaurudishia mlango taratibu. Jumatano Vero alipouliza mbona baba hajala tangu jana, aliambiwa na dada yake, "Usimsumbue, yuko mafungoni," na majirani walioambiwa vivyo hivyo walimsifu kwa kufunga kwa dhati. Alhamisi jirani yetu mzee Lameck alikuja kuchukua ngazi yake iliyokuwa stoo, akaingia, akapiga kelele. Marehemu alikimbizwa hospitali, akafariki Jumapili, tarehe 16 Machi, kwa kiharusi kilichochelewa kutibiwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye siku tatu, mzee Lameck na bodaboda waliombeba, makatekista wenzake wa Kimuli, na akina mama wa jumuiya wanaotupikia tangu juzi.

Jana wazee wa ukoo walikubaliana niseme kwamba watoto hawakujua kuwa ni ugonjwa, nami niliandika hivyo. Asubuhi hii Benadeta ameniomba karatasi hii, ameikata sentensi ile, ameandika yake, na amesema nikiiruka atasimama aisome mwenyewe, kwa hiyo naisoma kama ilivyo: "Nilijua tangu Jumanne."

Atakayetaka kumhoji aanze na mimi, niliyeishi mita mia mbili kutoka stoo hiyo na nikasikia vilio vya magoti yale miaka kumi na moja.

Mwalimu, pumzika, na wanao sasa uwaache nao wapumzike kwa amani.