Mama Katungu, Aliyepanga Jamaa za Nyota-Manyoya

Baba Paroko, wazee, mama na papa wote mulioacha kazi zenu kuja kulia pamoja nasi, mimi ni Lévi, mutoto wa kwanza wa marehemu, na familia imenituma niwasomee safari ya mama yetu, Katungu Thérèse.

Alizaliwa Butembo tarehe 14 Februari 1961, akasoma huko hadi diplome ya Serikali ya kumaliza sekondari, akamaliza biolojia Kisangani mwaka 1986, akaja Goma kufundisha, na tarehe 6 Agosti 1988 akafunga ndoa na papa Grégoire, wakajaliwa watoto wawili, mimi na Élodie.

Vita vya 1996 vilitukimbiza hadi Dar es Salaam, na huko ukimbizini mama akawapenda nyota-manyoya, wanyama wa bahari wenye mikono laini kama manyoya ya kuku, akachunguza mikono yao na vijiguu vyao vya kushikia mwamba, mpaka akapata udaktari mwaka 2003, akitangaza kwamba wekundu na weusi ni jamaa mbili. Tuliporudi Murara, mtaa wetu hapa Goma, watu walimcheka, kwamba Kivu haina bahari, naye akacheka nao. Mwaka 2009 kipimo cha ADN, yaani cha chembe za urithi, kikaonyesha kwamba ni jamaa moja, na yeye mwenyewe akaandika mbele ya wataalamu wote kwamba alikosea. Wakati ule sisi wanawe tuliona aibu, leo tunaona fahari.

Julai 2012, vita vilipokaribia mji, vijana waliingia parseli, yaani kiwanja cha nyumba, ya jirani yetu, mama Mukamugema, wakisema pua yake si ya hapa, ni ndugu ya waasi wanaokuja, na mama yetu akasimama mlangoni kwa jirani akawaambia, "Miye nilipima mikono ya nyama ya bahari miaka saba, nikakosa, nyie munaangalia pua ya mutu mara moja, munajua ndugu yake ni nani?" Walimtukana, wakamsukuma, hakutoka mlangoni, mpaka wakachoka wakaenda.

Ugonjwa wa figo ulimshika mwaka 2017, akaitwa na Mungu tarehe 3 Mei 2019, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, walimu wenzake, na majirani wa Murara. Jana, mwili ulipokuwa unaogeshwa, kazi ambayo kwetu ni ya ndugu wa damu, wajomba kutoka Butembo walimkuta mama Mukamugema ameshika maji, wakauliza ni wa upande gani, tukajibu kwamba ni dada ya marehemu, na hakuna aliyeuliza tena.

Kazi ya kupanga jamaa umeimaliza, mama. Pumzika kwa amani.