Fundi Fumua na Pini Isiyokuwemo

Wasikilizaji wapendwa, siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nilifuata suruali yangu kwa fundi cherehani wa mtaani kwetu, nikamkuta anafumua pindo alilokwisha kulishona. Nikamtania, "Vipi fundi, umezika hazina humo?" Wateja wakaangua kicheko. Naye akacheka, huku akizidi kufumua.

"Natafuta pini," akasema. "Najua haimo. Ila moyo unaniambia itamchoma mtu."

Tulimwita Fundi Fumua. Ndiye tunayemkumbuka leo, Fundi Fumua, aliyefariki wiki iliyopita kwa maradhi ya moyo.

Nguo zake zilikukaa kama umezaliwa nazo. Tatizo lilikuwa kuzitoa dukani! Alishona, akafumua, akashona tena. Na ibada vilevile: wazo baya likimpitia katikati ya sala, alianza upya. Mkewe anasimulia, "Chai inapoa, napasha. Inapoa tena. Mwenzangu bado yuko mwanzo wa sala, jasho linamtiririka."

Kaka yake mkubwa akakata hukumu: imani haba. Basi fundi akazidisha sala, na hofu ikazidi. Akaamini Mungu amemkataa. Hilo ndilo lililomkondesha.

Aliyemnusuru ni kiongozi wake wa dini. "Mwanangu," alimwambia, "Mungu si karani wa kukurudishia fomu kwa kosa moja. Sala ya kwanza ilifika. Hizi nyingine ni ugonjwa. Vaa viatu, twende hospitali."

Ni ugonjwa, wasikilizaji. Narudia: ugonjwa. Akili humshurutisha mtu kurudia jambo ili hofu itulie, nayo haitulii. Daktari alimfundisha kukabidhi nguo bila kuifumua, na kuivumilia hofu mpaka ishuke yenyewe. Nilimwona akimpa mama mmoja gauni la bintiye, kisha akaing'ang'ania meza kama mtu aliye juu ya paa. Hakupona kabisa. Lakini alisali mara moja, akanywa chai ya moto.

Kwa mjane na watoto, poleni sana. Mtaa mzima umepungukiwa. Nasi tuliobaki, kabla ya kupima imani ya mwenzetu, tutafakari yaliyotokea msibani.

Kaka mtu, aliyeombwa asome maandiko, alipangusa miwani yake, akaivaa, akasema mbele ya watu wote, "Mdogo wangu angekuwa na imani, asingehitaji daktari."

Mjane hakuinua hata sauti.

"Basi vua hiyo miwani, shemeji, usome kwa imani."