Mama Wayua Mulwa, Aliyerudisha Leseni

Marehemu Mama Wayua Mulwa, ambaye mtaa mzima wa Mbotela ulimwita Mama Mativo, alizaliwa mwaka 1935 katika kijiji cha Mbiuni, Machakos. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu mzee Munyoki, mchongaji wa vinyago, na marehemu Mama Mbeti. Ulikuwa mwaka wa njaa kali, na kwa Wakamba mtoto wa kike aliyezaliwa wakati wa njaa huitwa Wayua. Mama yake alisimulia kwamba hakuwa na maziwa ya kutosha, na mtoto akazoea kunyamaza.

Alianza masomo mwaka 1943 katika shule ya misheni karibu na kwao. Mwisho wa mwaka wa pili alikuwa wa kwanza darasani, lakini kibao kipya cha kuandikia, kilichokuwa zawadi, kikapewa mtoto wa chifu. Kesho yake alfajiri mwalimu alimkuta amesimama penye zizi la ng'ombe wake.

"Umekuja kulia hapa?" mwalimu akamwuliza.

"La, mwalimu. Nimekuja kuchukua kibao changu."

Mwalimu aliingia ndani akatoka na kibao chake mwenyewe. Marehemu alikitumia mpaka darasa la nne, alipoacha shule ili karo imtoshe kaka yake.

Tarehe 17 Desemba 1955 alifunga ndoa kanisani na marehemu Bwana Mulwa, dereva wa lori. Mwaka 1958 walihamia Nairobi, wakapata chumba Mbotela. Mungu aliwajalia watoto watatu: Mativo, Syombua na Mbeti. Waliomjua marehemu miaka ile wanasema alikuwa mtu wa kucheka. Bwana Mulwa alikuwa akipiga honi mara mbili akipita Jogoo Road na mzigo, naye marehemu, hata akiwa anamwogesha mtoto, alijibu kwa kupiga sufuria. Mwezi Agosti 1971 lori lilipinduka kwenye barabara ya Mombasa. Bwana Mulwa hakurudi.

Mjane akiwa na miaka thelathini na sita, marehemu alianza kutwanga mahindi na kuuza muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, kwa wafanyakazi wa viwandani. Alikuwa akishika mchi kabla ya jua kuchomoza, na jirani yake Mama Nangila, aliyetoka upande wa magharibi na kukulia ugali, alimwambia kwa mzaha kwamba Wakamba wanasumbua mahindi bure. Baadaye Mama Nangila huyo ndiye aliyekuwa mteja wake wa kila wiki. Mikono ya marehemu ikaota sugu hadi hakuweza kukunja ngumi. Ndipo alipoamua kutafuta mashine. Aliuza ng'ombe wawili wa mahari ya dada yake, kwa ruhusa ya ukoo, na mwaka 1974 akanunua mashine kuukuu ya kukoboa na kusaga. Akakodi chumba cha duka hapo hapo Mbotela. Kilichobaki ni leseni.

Familia haitaitaja ofisi ile, kwa heshima ya siku ya leo. Itoshe kusema kwamba marehemu aliingia humo mara ya kwanza akiwa amevaa nguo yake ya kanisani, na karatasi zake zote zimepangwa. Ofisa alizipekua akazirudisha ndani ya jalada.

"Mama, faili lako lina njaa," akasema.

"Njaa naijua, bwana. Nimepewa jina lake," marehemu akajibu. "Lakini hilo ni karatasi."

Karani mmoja aliyekuwa karibu alicheka. Ofisa hakucheka. Tangu siku hiyo faili lilipotea mara tatu. Likipatikana, choo kilikuwa hakitoshi. Choo kikijengwa, mlango ulikuwa mwembamba. Mlango ukipanuliwa, fomu zilikuwa zimebadilishwa. Marehemu alikwenda kila Jumanne. Kila barua aliyoandika, Syombua, wakati huo mwanafunzi, aliinakili kwa mkono wake ili nyumbani ibaki nakala. Mwaka 1976 akina mama wa mtaa walimsihi sana, naye akawasha mashine kwa wiki tatu bila leseni. Askari walikuja wakaifunga kwa mnyororo, na marehemu akafungwa mwezi mmoja katika jela ya wanawake. Mama Nangila ndiye aliyewalisha watoto. Marehemu alipotoka alikwenda kwanza kumshukuru, na Jumanne iliyofuata akarudi kwenye benchi la ofisi ile.

Hapa marehemu mwenyewe angetaka ukweli usemwe wote, na Syombua, anayewasomea maneno haya, ameomba ubaki kama ulivyo.

Mwaka 1979 Syombua alikuwa karani wa kampuni moja mjini, mwenye miaka ishirini na miwili. Alikuwa amechoka kumwona mama yake akirudi mikono mitupu, na kumsikia akitwanga. Alikwenda kwa ofisa yule bila kumwambia mtu, akampa mshahara wake wa mwezi ndani ya bahasha. Leseni ilitoka baada ya siku mbili.

Marehemu alicheza katikati ya chumba. Jumapili alisimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba Mungu amefungua mlango na hakuna mtu aliyekula chochote. Waumini walipiga makofi. Syombua alikuwa ameketi nyuma, na hakuweza kuinua macho.

Jioni hiyo, wakipika, Syombua akamwambia habari ya bahasha. Marehemu alizima jiko, ingawa maharagwe hayakuwa yameiva.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna, Mama. Nilikuonea huruma."

"Ulinionea huruma," marehemu akasema, "ukanifanya mwongo mbele ya Mungu."

Jumanne alikwenda akaiweka leseni juu ya meza ya ofisa. "Hii si yangu. Yangu bado sijapewa." Ofisa alidhani ana wazimu. Jumapili iliyofuata alisimama tena kanisani akaufuta ushuhuda wake, bila kumtaja binti yake. Kwa miezi minne hakumwita Syombua "mwanangu". Alimwita kwa jina tu, kwa upole, kama mtu anavyomwita mgeni.

Akaanza upya, na ikamchukua miaka mitano mingine. Miaka hiyo ilimpinda mgongo. Wapo waliomwambia ana kiburi. Wapo waliosema amewanyima watoto wake maisha, na Mativo, kifungua mimba wake, alilisema hilo mbele yake siku alipokosa karo ya chuo cha ufundi. Marehemu alitoka nje akakaa kwenye ngazi mpaka chakula kikapoa.

Tarehe 5 Juni 1984, siku ya Jumanne, alikuta ofisini mama mmoja mgeni aliyehamishiwa hapo. Mama huyo alilitoa faili kabatini, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, akauliza, "Miaka kumi?" Kisha akatia sahihi. Marehemu alibaki ameketi. Iliwabidi wamwambie kwamba amemaliza.

Ulikuwa mwaka wa ukame, na mashine yake ilisaga mahindi ya manjano yaliyoletwa kutoka ng'ambo. Mtaa uliyachukia, lakini ulikuja. Aliyefika na kikombe kimoja alisagiwa kama aliyefika na debe. Furaha hiyo aliionja kwa mwaka mmoja na miezi michache tu.

Kuanzia Novemba 1985 miguu yake ilianza kuvimba na pumzi kumkatika. Tarehe 12 Machi 1986, saa nne asubuhi, Syombua na Mbeti walimfikisha hospitalini. Mtu wa mapokezi aliwaambia hakuna kitanda, kisha akamvuta Syombua kando: kikipatikana kitu kidogo, kitanda kitapatikana. Syombua akafungua mkoba. Marehemu, ambaye hawakudhani anaona, aliweka mkono wake juu ya ule mkoba.

"Ufunge, mwanangu."

"Mama, unaumwa."

"Najua ninavyoumwa. Ufunge."

Syombua akaufunga. Waliketi kwenye benchi hadi saa kumi na mbili jioni. Wakati wakingoja, marehemu alisema jambo ambalo hakuwahi kulisema: "Ile siku ulikuja mwenyewe ukaniambia ukweli, hakuna aliyekulazimisha. Nilikasirika mno hata nikasahau kukushukuru." Baadaye akauliza kama mashine imefunikwa, kwa sababu mawingu yalikuwa mazito na paa la duka linavuja.

Kitanda kilipatikana. Alifariki kesho yake, Alhamisi tarehe 13 Machi, saa moja asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Daktari alieleza kwamba moyo wake ulikuwa umechoka kwa muda mrefu. Syombua alimwuliza kama angeokoka lau wasingengoja zile saa nane. Daktari alitazama sakafu, akasema pole.

Syombua hajui kama alimtii mama yake siku ile au alimwacha afe. Amemwuliza mchungaji, amemwuliza Mama Nangila, na hakuna aliyeweza kumjibu. Anajua tu kwamba ule mkono ulikuwa mwepesi sana juu ya mkoba, na angeweza kuuondoa.

Marehemu ameacha watoto watatu: Mativo, ambaye sasa anaiendesha mashine, Syombua na Mbeti, mjukuu mmoja, Wayua mdogo, binti wa Mativo, kaka yake, ambaye karo yake ilitoka kwenye masomo ya marehemu, na Mama Nangila, aliyekuwa dada yake kwa kila kitu isipokuwa damu. Mungu ampumzishe kwa utulivu, naye atuhurumie sisi tulioketi kando ya marehemu akingoja.