Jiwe Waliloliokoa

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao lililoegemezwa ukuta wa fundi cherehani, pale njia inapoinama kuelekea mtoni. Wakaaji wake wanajulikana. Kapteni aliwavusha watu kwa mtumbwi kabla ya daraja kujengwa. Profesa aliacha shule darasa la nne, lakini gazeti hajaliacha mpaka leo. Kipimo ndiye fundi mwenyewe, anabishana huku mguu uko kwenye mashine. Mama Birika anauza kahawa. Mimi wananiita Wakili, kwa sababu niko chuoni na sijui kunyamaza. Siku hiyo nilikuja na karatasi. Manispaa ilikuwa imeandika kwamba kila nyumba iliyo chini ya jiwe la mpaka wa mto itavunjwa, na jiwe lenyewe, limepakwa chokaa, liko juu kabisa, kwenye ukuta wa shule. Nyumba ya shangazi yangu, anamopigia watu pasi na alimonilea, iko hatua hamsini chini yake. Mpimaji angekuja kabla ya saa kumi kuwasikiliza wenyeji wa zamani, basi. Nilihitaji sentensi moja na sahihi tatu.

— Shikamooni wazee wangu. Swali ni moja tu. Jiwe la mto limefikaje mlimani?

— Marahaba. Kaa kwanza, akasema Kapteni. Haraka haraka haina baraka.

— Mzee, mpimaji yuko njiani.

— Ndiyo maana nakwambia kaa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Akija yeye, tumepona.

Profesa akakunja gazeti.

— Andika, Wakili. Mtaa huu una umri mkubwa kuliko mto. Nyumba zilitangulia. Mto uliletwa na kiwanda cha matofali, walikuwa wanahitaji maji.

— Uliletwa na nini, lori?

— Mfereji. Mfereji ukanenepa.

— Wewe umehamia hapa na ndevu zako tayari, akasema Kipimo, unamfundisha nani? Mto ulikuwepo. Lisilokuwepo ni jiwe. Mawe yanakua chini kwa chini, kama muhogo. Lile lilichoka kukaa gizani, likachomoza shuleni.

— Mtu aliyekosea suruali yangu mara mbili hawezi kujua kinachokua na kisichokua.

— Suruali haikukosewa. Kilichokua ni wewe.

— Nyote hamjui, Kapteni akasema. Jiwe lile si letu. Lilikuja na maji kutoka mtaa wa juu. Tunavunjiwa nyumba kwa jiwe la watu.

— Likapandaje mlima, mzee? Maji yanashuka.

— Mwenda pole hajikwai.

Nikaweka kalamu chini. Chuoni mtu akisema hivyo jukwaani anazomewa. Hapa Mama Birika alimwongezea kahawa.

— Mti hauendi ila kwa nyenzo, nikasema. Sembuse jiwe. Lile ni zito, halitembei.

— Zito kweli, Kipimo akakubali. Kiuno changu hakijapona tangu mafuriko ya pili.

— Kiuno chako na jiwe wapi na wapi?

Mguu wake ukasimama kwenye mashine. Kapteni alikohoa.

— Tulilibeba, akasema Kipimo.

— Mlilibeba.

— Mafuriko ya kwanza yangelisomba. Mali ya serikali ile, ina namba. Tukalipandisha mpaka hapa ukutani kwangu.

— Ya pili yakafika hapa, Kapteni akadakia, tukalipandisha kwa shangazi yako. Alitupikia uji mwenyewe, Mungu ambariki.

— Na ya tatu?

— Shuleni. Wewe ulikuwa hujaletwa kulelewa hapa. Pale hata maji ya Nuhu hayafiki.

— Kwa hiyo, nikasema, na niliisikia sauti yangu ikipanda, kila mto ulipotufuata, nyinyi mlichukua mpaka wake mkaupandisha juu ya nyumba zetu. Kwa mikono yenu. Na ile chokaa?

— Chokaa nilipaka mimi, akasema Profesa. Lionekane.

— Shangazi anavunjiwa nyumba kwa sababu mlikuwa raia wema.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Kapteni akasema kwa upole, na mpaka leo sijui mkuu alikuwa nani wala guu la nani.

Mpimaji alifika saa tisa na nusu, dada wa rika langu, buti za mpira miguuni, begani kabeba chombo chake cha kupimia chenye miguu mitatu. Nikamweleza yote. Hakucheka.

— Hilo linaandikika, akasema. Mtu mmoja asimame pale lilipokuwa kabla hamjaligusa. Nipime, niondoke.

Kipimo akashika kiuno. Kapteni akashika goti. Profesa akakumbuka kwamba yeye ni mhamiaji. Nikashuka mimi.

— Kushoto, Wakili.

— Kulia. Achana naye, huyo anapima nguo.

— Mbele. Nilikuwa nafunga mtumbwi karibu na hapo.

Nilifika ukingoni.

— Mbele kidogo, binti yangu.

Viatu vikajaa maji. Mbele tena. Maji yakanifika magotini, na juu kule nikamwona shangazi dirishani, pasi mkononi, ananitazama kama mtu aliyerukwa na akili.

— Hapo, akasema Kapteni.

Na wenzake, kwa ajabu, hawakubisha. Mpimaji akainamia chombo chake, akakaa hivyo kitambo, kisha akainua kichwa.

— Jiwe la mpaka tunaliweka nchi kavu, hatua thelathini kutoka ukingoni, na huyu kasimama majini. Sasa mto wenyewe, siku hizo, ulikuwa unapita wapi?

Kapteni, aliyeuvuka miaka ishirini, akatazama ng'ambo. Profesa akachungulia kikombe chake.

— Mama Birika, Kipimo akasema, hebu ongeza kidogo.

— Imeisha, akajibu, akaanza kukusanya vikombe.

Mpimaji akaangalia saa, kisha akaniangalia mimi. Sikutoka majini. Nikitoka, jiwe halina mahali, na shangazi hana nyumba.