Evaline Kokushubira, Aliyeng'arisha Nyuso za Watoto Waliopotea

Marehemu Evaline Kokushubira alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Kamachumu, Bukoba, mtoto wa marehemu Mzee Leodgar na Mama Joanitha. Anayewasomea wasifu huu ni mdogo wake, Vedasto.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1975 na sekondari mwaka 1979, kisha akasomea ufundi wa mashine za sinema Dar es Salaam. Mwaka 1988 alihamishiwa Kigoma, kwenye gari la serikali lililozunguka vijijini kuonyesha sinema. Tarehe 5 Mei 1990 alifunga ndoa na Anatoli, fundi wa injini za mitumbwi pale Katonga, wakakaa Kasingirima. Mungu hakuwajalia mtoto wa kumzaa.

Wakimbizi wa Kongo walipovuka ziwa mwishoni mwa 1996, Evaline aliombwa kuonyesha kambini picha za watoto waliopotezana na wazazi wao. Projekta yake ilikuwa imechoka. Nyuso zilionekana kama vivuli, na kina mama waliondoka wakitikisa vichwa. Akaazima projekta ya pili, akatengeneza slaidi mbili za kila mtoto, akaelekeza mianga yote miwili kwenye shuka moja. Ugumu ulikuwa kulaza picha juu ya picha. Alichomeka vipande vya boksi chini ya mashine, akainua, akashusha, mpaka jicho likalie jicho. Siku ya kwanza picha zilipishana kidogo, bibi mmoja akauliza, "Mwanangu, huyu mtoto iko na pua mbili?" Watu walicheka, naye akacheka kuwapita wote.

Zilipokaa sawa, uso uling'aa. Mama mmoja, Genoveva, akaenda mbele akaishika shuka.

"Huyu ni Ritha wangu," alisema. "Ile kovu nilikuwa naiosha mimi."

Picha ya Dunia, msichana aliyekuwa akilelewa kwenye kituo cha watoto waliopotea, ilionyeshwa kila kambi. Hakujitokeza mtu. Evaline akamwambia mumewe, "Nimemtazama mno, Anatoli. Siwezi kuzima taa nikamwacha." Wakamchukua, akiwa na miaka mitatu.

Februari mwaka huu miguu ya Evaline ilianza kuvimba. Ikagundulika ni figo. Anatoli alimuuguza, akamlisha, akambeba. Jumatatu jioni aliomba aletewe Dunia ili amchane mtoto nywele. Alfajiri ya Jumanne, tarehe 9 Juni 1998, alifariki hospitalini hapa Kigoma.

Ameacha mume, mama yetu Joanitha, aliyefika jana kutoka Bukoba asimkute, sisi ndugu zake, na Dunia, ambaye sasa amefiwa na mama kabla ya kuanza shule. Tangu juzi anauliza mama atarudi lini.

Mungu akulaze pema, dada. Mtoto tunaye.